Kilo Moja na Nusu Zilizobaki

Kantini ya Kiwanda cha Magodoro,
S.L.P. 417.
12 Julai.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi za dada yako, ninayekuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi ndani ya stoo, mlango nimeurudishia. Hapa ndipo mahali pekee katika kiwanda kizima ambapo mtu anaweza kuandika barua bila kuulizwa chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Hujambo lakini? Mwili unasemaje? Ule uvimbe wa mkono wa mashine umekwisha? Usingizi unakuja, au bado unahesabu mabati? Na maji je, bado unapimiwa vikombe vitatu kwa siku, au wamekuongezea japo funda moja? Nauliza kwa sababu siku hizi na mimi najua maana ya kupimiwa. Wewe una vikombe vyako, mimi nina kalori zangu. Mama angekuwepo angesema amezaa watoto wa dukani.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anagonga viatu tangu asubuhi mpaka jioni na mgongo wake unalalamika kwa niaba yake. Shangazi hajambo, ila macho yanazidi kufifia. Juzi alimkaripia paka wa jirani nusu saa nzima, kumbe ni mfuko wa plastiki.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, na mara ya tatu nikamwita Mama Pacha, mwenzangu wa jikoni, anisomee yeye, nikidhani labda nimeona vibaya. Sikuona vibaya. Umewaambia madaktari hutaki figo yangu. Tarehe 4 Agosti, siku ya kipimo chetu cha mwisho cha pamoja, huji hospitali, kwa sababu umesikia nilianguka jikoni kwa njaa na hutaki dada yako afe kwa ajili yako. Nimekasirika, Kitinda. Nimekasirika hata mchuzi wa Jumanne ukatiwa chumvi mara mbili, watu mia na themanini wakashinda wanakunywa maji.

Aliyekuambia namjua. Ni shemeji yako, mdomo wake hauna komeo. Lakini alikuambia kipande tu, na anayepewa kipande cha habari hujimalizia mwenyewe kwa hofu zake. Mimi nitakueleza yote. Tulia usome mpaka mwisho, usiruke kama ulivyokuwa ukiruka masomo.

Unakumbuka mwezi wa Januari vipimo vilipotoka, tukaambiwa damu zetu zinakubaliana? Nilipiga vigelegele kwenye korido ya hospitali mpaka mlinzi akaja mbio. Nilichokuficha ni kwamba dakika kumi baadaye daktari wa figo alinipandisha kwenye mizani, na mshale ukasimama tisini na nne. Akaniambia kwa upole kwamba kwa ufupi huu wangu hawezi kunipasua mpaka nifike themanini na mbili. Mwili mzito unasumbua kwenye dawa ya usingizi, kidonda kinachelewa kupona, na ile figo moja itakayobaki kwangu itabebeshwa mzigo usio wake. Kilo kumi na mbili. Kwenye simu nilikuambia yamebaki mambo madogo madogo. Ndiyo hayo.

Nilipotoka pale sikumuuliza mtu. Nilijifunga kibwebwe na kujipangia kipimo changu mwenyewe. Nilikuwa nimesikia mtu mzima hula kama kalori elfu mbili kwa siku, basi nikasema mimi nitakula mia nane. Nilifikiri hivi: ukipunguza kidogo unapungua kidogo, kwa hiyo ukipunguza sana utapungua sana, na mwezi mmoja tu mambo yamekwisha, mdogo wangu ametoka kwenye mashine. Ni akili ya jikoni hiyo. Moto ukiuongeza, sufuria inachemka mapema. Nikasahau kwamba moto huohuo ndio unaounguza wali.

Asubuhi nilikunywa chai kavu. Mchana nilikula majani ya mboga na kipande cha samaki kisichotosha kumshibisha paka. Jioni nilimwambia shemeji yako nimekula kazini. Siku ya kumi kilo nne zilikuwa zimeondoka, nikajiona shujaa. Nilikuwa nasikia baridi wakati wenzangu wanatoka jasho, na nilimfokea Mama Pacha kwa kosa la kupumua. Siku ya kumi na moja nilikuwa nachota mchuzi kwenye sufuria kubwa, macho yakaingia giza. Nilizinduka niko sakafuni, kichwa kiko mapajani kwa Mama Pacha, upawa bado nimeushika. Niliangukia nyuma. Kama ningeangukia mbele, kwenye ile sufuria, leo ungekuwa unaandikiwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo habari za shemeji yako zinapoishia. Yeye aliitwa kiwandani, akanibeba, akaogopa, na mpaka leo mtu akitaja neno kalori hutazama miguu yangu kama bado inasimama. Simlaumu. Ila ilikuwa Januari, Kitinda, na sasa ni Julai.

Nilipelekwa kwa yuleyule daktari wa figo, nikisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Safari hii upole aliuacha nyumbani. Aliniambia, "Mama, figo tunaitoa kwa mtu mzima, na tukimaliza tunamwacha mzima. Ukija hapa umejikondesha kwa njaa nakufuta, na mdogo wako atafute mwingine." Kuanguka hakukunitisha kama neno hilo. Sikulia nilipoanguka, ila pale nililia mpaka pua ikaziba.

Akanituma chumba cha tatu kwa mtaalamu wa lishe, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, ambaye mimi namwita Mama Mizani na sasa hospitali nzima inamwita hivyo. Aliniuliza umri, nikasema arobaini na nne. Akanipima urefu, akanipima uzito, akauliza nafanya kazi nimekaa au nimesimama. Nikamwambia tangu saa kumi na mbili asubuhi nimesimama, na sufuria siziinui kwa macho. Akaandika, akajumlisha, akasema mwili wangu hutumia kama kalori elfu mbili na mia mbili kwa siku. Toa mia tano, inabaki elfu moja na mia saba. Hiyo ndiyo yako, mama, ule usizidishe, na usipunguze.

Elfu moja na mia saba! Mimi niliyekuwa nakula mia nane! Nikaanza kupatana naye kama anayenunua nyanya. Nikamwambia aniandikie elfu moja. Akakataa. Elfu moja na mia moja? Akavua miwani. "Mama, hapa si sokoni. Mwanamke hashuki chini ya elfu moja na mia mbili bila daktari kumwangalia, na wewe unayebeba masufuria sikupeleki hata karibu na hapo. Utapungua nusu kilo kwa wiki. Ikizidi sana nusu kilo, ujue unakula nyama ya mwili wako mwenyewe."

Nusu kilo kwa wiki. Nikapiga hesabu kwa vidole nikafika miezi sita. Nikamwambia, dada, unajua miezi sita ni nini kwa mtu anayeunganishwa na mashine mara tatu kwa wiki? Ni mara sabini na nane za kuchomwa sindano. Nikamwambia namna unavyorudi nyumbani huna nguvu hata ya kufungua redio ya mteja, wewe uliyekuwa ukitengeneza redio umefumba macho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Njia ya mkato umeshaipita. Imekuleta hapa kwenye kiti cha magurudumu."

Basi nikaanza. Unanijua, tangu nizaliwe sijawahi kupima kitu jikoni. Mafuta namimina mpaka moyo useme basi, na moyo wangu ulikuwa unachelewa sana kusema. Nyumbani nikaanza kupima kwa kijiko, nikagundua kijiko kimoja tu cha mafuta kina kalori mia na ishirini. Nusura nikipigie saluti. Asubuhi vipande viwili vya mkate na yai la kuchemsha. Mchana sahani moja: nusu mboga, robo wali, robo maharage au samaki, na tunda baadaye. Jioni hivyohivyo, wali ukiwa kidogo zaidi. Kila kitu nikakiandika kwenye daftari, na kila Jumamosi asubuhi kabla ya kula nikapanda mizani nimevaa gauni lilelile la bluu, ili nguo isije ikanidanganya.

Wiki ya kwanza nilikuwa kilo tisini na mbili, maana mbili kati ya zile nne za njaa zilikuwa zimesharudi mbio kama kuku jioni. Wiki ya pili, tisini na mbili. Wiki ya tatu, tisini na mbili. Nikamwambia Mama Mizani mizani yake ni mbovu, akapanda yeye, ikawa nzima. Akalisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa na hakuona kosa. Akaniuliza kama naiba. Nikaapa kwa kaburi la mama yetu kwamba siibi.

Kumbe naiba, na sijui. Aliniuliza kazini nafanya nini hasa, saa kwa saa, nikamweleza: naosha, nakata, nakaanga, naonja, naongeza chumvi, naonja. Akanizuia hapohapo. "Unaonja mara ngapi?" Nikamwambia siwezi kujua, nani huhesabu kuonja? Kuonja si kula. Tangu lini mpishi akaonja akasema ameshiba?

Akanipa kopo tupu la nusu lita. Akaniagiza kesho yake, kila nikionja kijiko kimoja, kingine kama hicho nikimimine ndani ya kopo. Niliondoka nikicheka. Siku iliyofuata nikaliweka kopo kando ya jiko, nikawa naonja na kumimina: mchuzi wa nyama, maharage, supu, uji wa walinzi wa zamu. Kufika saa nne kopo lilikuwa nusu, nikaacha kucheka. Kabla ya saa saba lilikuwa limejaa na linamwagika, na bado sufuria mbili. Mimi na Mama Pacha tukasimama tunalitazama. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sikujua kibaba chenyewe ni tumbo langu.

Nililipeleka kwa Mama Mizani nimelifunika kwa sahani. Akakadiria, akasema humu mna kalori kama mia tano. Mia tano, Kitinda! Zilezile mia tano alizonipunguzia kwenye karatasi, mimi nilikuwa nazirudisha kwa kijiko, nimesimama, na sizioni. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nikila sahani moja zaidi kila siku nikidhani nafanya kazi.

Nilidhani ataniambia niache kuonja, nikawa nimeshaandaa ugomvi, maana mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho. Hakuniambia hivyo. Alisema kuonja ni kazi yangu, basi kuandikwe kama kazi. Akanitengea kalori mia moja humohumo ndani ya elfu moja na mia saba. Kijiko kikubwa nikakiweka kabatini, nikachukua kijiko cha chai. Kila sufuria naonja mara mbili tu, chumvi ikishaingia na kabla ya kuipua. Zinazobaki anaonja Mama Pacha, na yeye mwembamba kama ufagio, kwake ni dawa.

Wiki iliyofuata mshale ulisogea. Nusu kilo. Nikambusu Mama Mizani kwenye miwani.

Tangu hapo nimekwenda mwendo wa kobe. Wiki nyingine nusu kilo, nyingine robo, nyingine hakuna. Mwezi wa Mei karibu wote ulisimama kwenye themanini na saba, nikashawishika kurudia ujinga wangu wa Januari, nakiri mbele yako. Mama Mizani akapiga hesabu upya, akasema mwili uliopungua hutumia kidogo, kwa hiyo sasa ni elfu moja na mia sita, na jioni nitembee nusu saa. Shemeji yako hutembea nami, huku ananung'unika kwamba anamaliza soli zake mwenyewe. Biskuti zake anazificha ndani ya sanduku la misumari. Nimeshaziona, na siku moja nimekula mbili, nikaziandika kwenye daftari kama zilivyo.

Shangazi naye aliniletea majani ya chai ya kukondesha aliyouziwa na mpita njia, kilo tano kwa wiki, bila jasho. Nilimshukuru, nikalimwagia ua la dirishani. Limekonda kweli. Halina hata jani moja.

Na wafanyakazi hapa hawaniachi. Wanasema mpishi mwembamba haaminiki, labda na yeye anakikimbia chakula chake. Nawapakulia nacheka. Hawajui ninakokwenda, wewe ndiye unayejua.

Jumamosi iliyopita nilipima kilo themanini na tatu na nusu. Imebaki kilo moja na nusu, na wiki tatu. Silali na njaa, sizungukwi na giza machoni, damu yangu imepimwa na ni nzuri kuliko ya mwaka jana. Hata ngazi za stoo ninazipanda sasa bila kusimama katikati kusalimiana na ukuta. Daktari wa figo aliniona mwezi uliopita, akasema, "Sasa naona mtu ninayeweza kumpasua." Sijawahi kusifiwa hivyo na mwanamume.

Kwa hiyo usiniambie ninajiua. Aliyekuwa anajiua alikuwa yule wa Januari, na alikuwa anafanya vile kwa woga. Nilikuwa naogopa utaondoka kabla sijafika. Bado naogopa, nisikufiche, wifi akipiga simu asubuhi mapema naiacha iite mara tatu kabla ya kuipokea. Lakini nimejifunza kula huku naogopa. Hilo ndilo gumu kuliko kukaa na njaa, kwa kuwa njaa mtu unajiona unafanya kitu.

Ukitaka kukataa, kataa kwa sababu yako mwenyewe. Niambie unaogopa kisu, nitakuelewa, hata mimi nakiogopa. Ila usilitumie jina langu. Mimi nimepima kila kijiko cha maisha yangu kwa miezi mitano, siwezi kuja kukwamishwa na maneno ya fundi viatu.

Msalimie sana wifi, mwambie asichoke, na mwambie lile gauni lake la maua alilosema halitanitosha mpaka kiyama alipige pasi. Wabusu watoto, mkubwa umwambie shangazi yake anataka kuona daftari la hesabu. Shemeji yako anakusalimu na anaomba radhi kwa mdomo wake. Shangazi yetu anakuombea kila siku, hata kama wakati mwingine anakabili kabati badala ya picha yako. Mungu akushike mkono ule wenye sindano na ule usio nayo, akufikishe salama.

Nimalizie na hili. Nilikuwa na miaka tisa na wewe mwaka mmoja na nusu, mama yuko zamu ya kufua mashuka hospitalini, na uji wako niko nao mimi. Kila kijiko nilikionja kwanza, kisije kikakuunguza mdomo. Mama alikuwa akirudi anakuta bakuli tupu, wewe umeshiba na mimi nimeshiba. Ubonge wangu ulianzia pale, bwana mdogo, kwa hiyo kilo hizi si zangu peke yangu. Maisha yangu yote sijawahi kukupa kitu ambacho sijakionja. Figo hii ndiyo itakuwa ya kwanza. Tarehe 4 Agosti, saa mbili asubuhi, nitakuwa nimekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha tatu nimevaa gauni la bluu. Njoo.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Bonge
(83.5, na bado nashuka)